Maganda Hayafunikwi

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, mgongo mzima, meno yote yapo. Kaka Dezire amesema nyinyi mnaoanza kazi jikoni kwake Fairfield lazima mtu awaandikie jinsi pai ya Kiskoti inavyotengenezwa, na mtu huyo ni mimi, kwa sababu yeye akianza kueleza huishia kuimba. Ni mwanakwaya wa kanisani kwetu, sauti ya nne, mtamsikia hata oveni ikinguruma. Mambo ya mshahara na vyeo nayaruka. Cheo changu cha kwanza kilikuwa "wewe", na cha mwisho kilikuwa "wewe hapo".

Kwanza muijue pai yenyewe. Si ile ya kantini ya shule, yenye kifuniko cha matabaka kinachopukutikia kwenye shati, iliyozamishwa kwenye tomato sosi. Hii ni ndogo, mviringo, kuta zake zimesimama wima kama za sufuria. Ndani ni nyama ya kondoo ya kusaga, pilipili manga nyeupe, na basibasi kidogo, ile ile ambayo bibi zenu wanatia kwenye pilau. Kifuniko chake hakikai juu. Kimezama chini ya ukingo, ili juu ibaki nafasi ya viazi vya kuponda, maharage au mchuzi. Mara ya kwanza kuziona nilidhani zimebonyea kwa ajali. Nilizionea huruma.

Duka lilikuwa la Mzee Murdo, vituo vitatu vya treni kutoka Mount Druitt tunakoishi, hapa Sydney. Mama yangu anatunza wazee majumbani, na ndiye aliyemtunza mke wa Mzee Murdo miezi yake ya mwisho. Baada ya mazishi mzee akamwuliza kama ana mtoto mwenye mikono safi. Mama akasema anaye, kisha akarudi nyumbani kuhakikisha. Nilikatwa kucha nikiwa na miaka kumi na mitano, nimekaa kwenye stuli ya jikoni kama mtoto wa chekechea.

Nilianza Ijumaa, baada ya shule. Mzee Murdo alikuwa mrefu, mwekundu, na alisema Kiingereza ambacho hata walimu wangu wasingekielewa. Maneno yake yote humu nimeyatafsiri, na pale ambapo sikuelewa nimekisia, kama nilivyofanya kazini. Alinipa aproni iliyonizunguka mara mbili. Nikamwambia, "Mzee, mwenye aproni hii alikuwa na watoto wangapi ndani?" Hakucheka. Miaka miwili sikuwahi kumchekesha, na mimi shuleni hata mwalimu mkuu nimemchekesha, japo alikuwa ameniita kunifukuza kwa siku mbili.

Akanifundisha donge. Maji na mafuta ya mnyama vinachemshwa pamoja, vinamiminwa kwenye unga na chumvi, unakanda ukiwa bado unaunguza. Unakata vidonge, unaviweka kimoja kimoja kwenye kikombe cha mashine, unavuta chini mkono wake mrefu wa chuma, na kidonge kinageuka ganda lenye kuta. Nilivuta mia moja na ishirini siku hiyo. Yalipoisha akayapanga kwenye rafu, akasema yakae hivyo hivyo hadi kesho, akaenda kuoga na kulala. Akaniacha nifagie nisubiri Mama aje na gari.

Nilipomaliza kufagia nikayatazama yale maganda. Yako wazi, feni inayapuliza. Jamani, nyinyi mmelelewa kama mimi. Nyumbani kwetu donge lisilofunikwa ni donge la mtu asiye na mama. Chapati unafunika, mandazi unafunika, ukiacha wazi unaambiwa unataka kuwalisha watu vigae. Nikachukua vitambaa vyote vya jikoni, nikavilowesha, nikavikamua vizuri, nikayafunika maganda yote mia moja na ishirini. Nilikwenda nyumbani najisikia mtumishi mwaminifu.

Asubuhi yake yalikuwa laini kama masikio. Tulipoyajaza na kuyatia ovenini, kuta zikaanza kuinama moja baada ya nyingine, kama waumini mahubiri yakizidi saa moja. Mzee akafungua mlango wa oveni, akatazama, akafunga.

"Umeyafunika," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Kwa kitambaa kibichi."

"Ndiyo. Ili yasikauke."

Nilikuwa nimeshaanza kufungua aproni. Akasema, "Yule wa kwanza naye aliyafunika." Kisha akaenda kuosha trei, na nilipouliza yule wa kwanza ni nani akafungulia maji kwa nguvu.

Hili ndilo somo la kwanza, na kama mtasahau mengine yote lisahauni la mwisho. Maganda lazima yakauke usiku mzima. Hayana bati la kuyashikilia, kwa hiyo nguvu ya kubeba nyama inatoka kwenye kukauka kwake. Msiyafunike. Mkijisikia vibaya, tazameni pembeni.

Siku hiyo wateja walikula pai zilizolala. Wateja wenyewe walikuwa wanne. Wengine walikuja, wakanunua, wakaondoka, lakini hawa wanne walikaa. Bibi Jean na wazee watatu, wote wa Skoti, wote wamefiwa na waume au wake, wote walifika saa nne kila Jumamosi kabla sijageuza kibao cha mlangoni. Na kila mmoja alikaa meza yake. Hawakusalimiana. Mzee Murdo alinunua gazeti moja, Bibi Jean akaligawa vipande vinne kama mkate, akaanza na habari, wengine wakachukua michezo, vifo, na mbio za farasi. Ukimaliza chako unanyoosha mkono bila kugeuka, na jirani anapokea bila kugeuka. Saa sita kila mtu alikuwa amesoma gazeti zima. Wanakunja, wanavaa makoti, wanaondoka mmoja mmoja. Siku ya pai zilizolala, Bibi Jean alisema yake imefanana na soksi. Akaimaliza.

Nilidhani wamegombana. Nikamwuliza Mzee Murdo kwa nini wasikae pamoja, akaniambia hawajagombana kamwe, ndiyo maana wanarudi.

Jumapili nikaipeleka hadithi ya vitambaa vibichi kanisani, maana hadithi nzuri siwezi kulala nayo. Kaka Dezire akacheka hadi akashika kiti. Halafu akaacha ghafla, akaniuliza, "Bado anatoboa tundu pembeni?"

Hapo ndipo nilipojua ile aproni ilikuwa ya nani. Kaka Dezire alifika Sydney kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, kazi yake ya kwanza ikawa kwa Mzee Murdo, na akakaa miaka sita. Hakuna aliyewahi kufanya naye kazi muda mrefu hivyo. Kisha Jumamosi moja akapika trei nzima ya pai za mbuzi zenye pilipili mbuzi, akaziweka dirishani bila kuomba ruhusa, akidhani anamfurahisha mzee kwa kumletea wateja wa kanisani. Bibi Jean aliuma ya kwanza. Alikohoa hadi gazeti likamdondoka. Mzee Murdo akasema mbele ya watu kwamba kama pai yake haitoshi, mlango anaujua. Kaka Dezire akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kaunta, akautumia huo mlango. Tangu hapo hawakusemeshana, na jina lake halikutajwa dukani. Ila aproni hakuitupa.

Tundu nalo mlijue. Kifuniko kinatobolewa kwa mpini wa mwiko, ili mvuke utoke na mchuzi uingie. Kila mtu duniani anatoboa katikati. Mzee Murdo anatoboa pembeni, upande wa kwako, kwa sababu aliyemfundisha huko kwao alitumia mkono wa kushoto na yeye akaiga kila kitu, hata kisichohitajika. Mimi nami nikaiga. Miaka miwili nimetoboa pembeni, na sijui kutoboa katikati tena.

Mtaniuliza miaka miwili tuliongea nini. Hatukuongea. Shuleni mimi ni redio, watu wanalipia kwa chipsi kukaa karibu nami wakati wa chakula. Nikitoka hapo napanda treni, naingia nyumbani, kwenye friji kuna karatasi ya Mama: wali upo, pasha moto, Mungu akulinde. Mama ana shifti mbili, wazee wa watu wengine hawajilishi. Kaka yangu yuko Perth, anatuma picha za mashine za kazini kwake. Nilikuwa napasha wali, naula nimesimama, nafanya utani mmoja kwa sauti ili nione kama bado unafanya kazi. Kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi nilizipenda kuliko nilivyokubali. Kule nako kulikuwa kimya, lakini kimya cha watu sita.

Mwaka huu bega la Mzee Murdo lilikataa. Mkono ule wa chuma aliouvuta miaka thelathini alishindwa kuushusha, na daktari akamwambia asijaribu tena. Nilivuta mimi, lakini mimi ni wa siku mbili, na mwaka huu ni wa mitihani yangu ya mwisho. Jumamosi moja, kabla hajaweka gazeti mezani, akawaambia wale wanne kwamba atafunga duka mwisho wa muhula. Hakuna aliyesema pole. Bibi Jean aligawa gazeti, akampa kila mtu kipande chake, ndipo akauliza, "Na sisi?"

"Nitawatafutia," akasema Mzee Murdo.

Ndivyo tulivyoanza kutafuta. Jumapili mchana baada ya ibada alinisubiri stesheni, amevaa tai, na tukazunguka Sydney kutafuta pai ya Kiskoti anayoweza kuwatuma watu wake waifuate. Alikuwa na mtihani wake. Anaigeuza juu chini. Anagonga kitako kwa ukucha, na kikilia kama mlango, ganda limekauka. Anabonyeza ukingo kwa dole gumba. Ndipo anauma, bila sosi. Ufukweni tulipata pai iliyoandikwa ya Kiskoti yenye kifuniko kilichotuna. "Hii ni kofia," akasema, akaiacha. Mjini kati tulipata nzuri kwa sura, lakini nyama ni ya ng'ombe, na duka lilikuwa na viti virefu visivyo na migongo. "Jean hawezi kupanda hapo," akasema, akavihesabu hata hivyo. Pale ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwa tunatafuta pai peke yake.

Kensington, karibu na chuo kikuu, kwenye kaunta alikuwepo mwanafunzi Mkenya. Mzee alipogeuza pai na kuanza kugonga, yule kijana akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu buda wako anaipigia pai hodi, kwani kuna mtu ndani?" Nikamwambia ndiyo, ila hafungui. Tulicheka mpaka foleni ikalalamika. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote za mwaka, na wakati wa kurudi Mzee Murdo akalala kwenye treni huku pai ya Kensington ikiwa mapajani mwake, haijaliwa, kitako hakikulia.

Jumapili saba, maduka tisa, hakuna hata moja. Mzee akawa kila akitoka stesheni hatua zinapungua. Zilipobaki wiki mbili, Bibi Jean akamwuliza tena, na kwa mara ya kwanza nilimwona Mzee Murdo akisema uongo. Alisema amepata mbili tatu anazilinganisha.

Sasa hili lililofuata lilianza kama utani, msinisifu. Ijumaa jioni, baada ya zamu yangu, nilikwenda Fairfield, hapo hapo mtakapofanyia kazi. Wakati ule Kaka Dezire alikuwa na mwaka mmoja tangu afungue, anauza za mbuzi zenye pilipili, na foleni yake mnaijua. Nikamwuliza kama anakumbuka kupika za kondoo, za mzee. Akanipeleka nyuma ya jiko. Kwenye rafu kulikuwa na maganda sita, wazi, chini ya feni.

"Kila wiki napika sita," akasema. "Hakuna anayeziulizia. Nazila mimi mwenyewe, mkono usije ukasahau."

Nikaomba moja, nikaibeba kwenye mkoba wa shule.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kila saa tano Mzee Murdo hula pai moja kutoka kwenye trei, amesimama kaunta, kukagua. Nikaichomeka ile ya Fairfield kwenye sahani yake. Nilikuwa nimeandaa kicheko, na sentensi ya kusema akishaisifu.

Akaigeuza. Akagonga. Ililia. Akabonyeza ukingo. Halafu akaiweka chini na kulitazama tundu, pembeni, upande wa kwake, lakini kubwa kidogo kuliko langu. Mpini wa mwiko wangu na wa kwake ni mmoja, matundu yetu hayatofautiani. Nikaona anajua. Nikangoja anionyeshe mlango.

Akala yote, polepole, hadi kipande cha mwisho cha ukingo. Akafuta mikono.

"Huyu hakufunika," akasema.

"Hapana, mzee."

"Yuko wapi?"

"Fairfield, karibu na stesheni."

Akageuka nyuma. Wale wanne walikuwa wanabadilishana kurasa nyuma yetu. "Ana meza?"

"Anazo sita."

"Viti vina migongo?"

"Vyote."

Kicheko changu sijui kiliishia wapi. Siku ya mwisho ya duka alibandika karatasi mlangoni kwa mwandiko wake: pai nzuri zinapatikana hapa, na chini yake anwani. Jina hakuliandika. Bibi Jean aliisoma, akauliza kama ni yule wa pilipili. Mzee akasema ni yule. Bibi Jean akasema Fairfield ni mbali na yeye hapandi treni na watu, akaondoka. Mimi nilipewa aproni, ndiyo pensheni yangu, na mashine ikaenda kwa Kaka Dezire kwenye gari la Mama, imefungwa mkanda kiti cha mbele. Mzee Murdo hakutaka kwenda nayo. Alisimama mlangoni akaniambia nimwambie mkono wa mashine unahitaji mafuta kila Jumatatu. Nikamwuliza kama atakuja Jumamosi. Akasema bega linauma.

Jumamosi hiyo nilifika Fairfield kabla ya saa nne, mstaafu wa wiki moja. Kaka Dezire alikuwa ameunganisha meza zote sita kuwa moja ndefu, akatandika kitambaa cha meza, akaweka maua ya plastiki katikati, kama meza ya maharusi. Wageni wanakuja, mnajua wenyewe. Saa nne ikafika na wakafika, wote wanne, kila mmoja peke yake, Bibi Jean wa mwisho akiilalamikia treni. Wakasimama mlangoni wakiitazama ile meza. Hakuna aliyeingia. Mmoja wa wazee akashika kofia yake kama mtu anayetaka kuaga.

"Karibuni, kaeni pamoja," Kaka Dezire akawa anawaita, mikono ameifungua.

Nikamrukia. Nikasema kaka, vunja, vunja hiyo meza. Akanishangaa, akadhani ni utani wangu. Nikaanza kuburuta meza mwenyewe, maua yakaanguka, hadi zikawa sita tena, kila moja na nafasi yake. Wakaingia. Wakakaa. Nikakimbia nje kununua gazeti, nikalipeleka kwa Bibi Jean, akaligawa vipande vinne. Kaka Dezire alibaki ameshika kitambaa cha meza, akaninong'oneza, "Kwa hiyo nisiwasalimie?" Nikamwambia asithubutu.

Mzee Murdo hakuja. Jumamosi ya pili hakuja, ya tatu hakuja. Kila saa tano Kaka Dezire aliweka pai moja kwenye sahani juu ya kaunta, na kila saa sita aliila yeye mwenyewe, amesimama.

Ya nne mlango ulifunguka, akaingia akiwa na tai ile ya Jumapili. Hakumsalimu mtu. Kaka Dezire akatoka jikoni, akasimama, unga hadi viwikoni. Mzee Murdo akaichukua pai ya kwenye sahani, akaigeuza, akagonga kitako. Tuliisikia wote.

"Limekauka vizuri," akasema.

"Asante, mzee," akasema Kaka Dezire.

Basi. Ndiyo mazungumzo yote waliyofanya, na hadi leo hawajaongeza mengi. Mzee akabeba sahani yake akakaa meza ya tano. Miaka thelathini ya duka lake sidhani kama aliwahi kukaa, maana alikaa kama mtu aliyeazima kiti. Gazeti lilikuwa limeshagawanywa kwa wanne, hakuwa na cha kushika. Akatazama mikono yake. Bibi Jean, bila kugeuka, akachana ukurasa wake mmoja kwenye mkunjo, akanyoosha mkono nyuma. Mzee akapokea, naye bila kugeuka.

Hayo ndiyo ya kuwaachia. Mashine itieni mafuta Jumatatu. Tundu toboeni pembeni, upande wa kwenu. Maganda yaacheni wazi hata roho iwaume. Meza msiziunganishe, hata Krismasi, na mkiwaona wamenyamaza msiwachangamshe. Ile ya sita, karibu na friji, isije ikawekwa masanduku ya soda. Jumamosi huwa anakuja mstaafu mmoja wa miaka kumi na saba, anaifuta mwenyewe, na bado anasubiri ukurasa wake.